Kahawa bora ya Karagwe na Kyerwa: namna ya kuichagua na pa kuipata

Karagwe na Kyerwa ni wilaya za kahawa. Mibuni iko nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, na fedha ya kahawa ndiyo inayolipa ada za shule na kununua bati. Lakini mtu akiagiza kahawa kwenye mgahawa wa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, mara nyingi huletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya papo hapo. Iliyokaangwa na kusagwa, kutoka shamba linaloonekana dirishani, ni kazi kuipata.

Habari njema ni kwamba inapatikana. Anayeitaka anahitaji mambo mawili tu: kujua kahawa nzuri inafananaje, na kujua wapi pa kuikamata kabla haijaondoka wilayani.

Kwa nini ni adimu kwenye nyumba yake?

Sababu ni safari yenyewe ya kahawa. Msimu wa mavuno huanza karibu Mei na kuendelea hadi Oktoba hivi. Mkulima huchuma, huanika juani tunda zima, kisha hupeleka "kahawa ya maganda" kwenye chama cha msingi cha ushirika, kile ambacho wengi hukiita AMCOS. Vyama vya msingi vya wilaya hizi mbili viko chini ya chama kikuu cha KDCU, kilichoanza mwaka 1990, wakati Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Karagwe. Kyerwa ikawa wilaya mwaka 2012, ila chama kikuu kimebaki kimoja.

Kutoka chamani kahawa huenda sokoni, hukobolewa, hupangwa madaraja, husafirishwa nje. Kukaanga na kusaga hufanyika mbali, kwa wanunuzi wa ng'ambo. Kwa hiyo kinachoondoka Karagwe ni malighafi, na kinachorudi dukani ni kopo.

Kopo hilo nalo lina asili ya hapa. Kahawa ya Africafé hutengenezwa na kiwanda cha TANICA mjini Bukoba. Ni kahawa iliyokaangwa, ikapikwa kiwandani, ikakaushwa tena kuwa unga unaoyeyuka. Ni rahisi, inakaa muda mrefu, haihitaji chujio. Lakini harufu nyingi ya kahawa hupotea njiani, na ndiyo maana wanaoijua kahawa ya kusaga huitafuta kwa bidii.

Robusta na arabika: usichanganye

Kahawa nyingi ya Kagera ni robusta. Arabika ipo pia, kwa kiasi kidogo. Tofauti zake ni hizi:

• Punje ya robusta ni ya mviringo, na mstari wa katikati umenyooka. Ya arabika ni ndefu kidogo, bapa, na mstari wake umepinda.

• Robusta ni nzito mdomoni, chungu zaidi, na ladha yake inakaribia kakao au karanga za kukaanga. Arabika ni laini, ina uchachu kidogo na utamu wa matunda.

• Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika.

Kwa miaka mingi robusta ilidharauliwa duniani kama kahawa ya kuchanganyia. Dharau hiyo imepungua. Mwaka 2010 wataalamu, wakiwa na mamlaka ya kahawa ya Uganda, waliweka viwango vya robusta bora. Kahawa huonjwa na kupewa alama, na inayofika 80 kati ya 100 huhesabiwa ni ya daraja la juu. Robusta ya eneo la Maziwa Makuu ina bahati ya mwinuko. Nchi nyingine huilima sana kwenye nyanda za chini, lakini mashamba mengi ya Karagwe na Kyerwa yako mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Usiku wa baridi hulifanya tunda liive polepole, na ladha hujengeka.

Kwa ufupi, anayetafuta kahawa nzuri hapa hana haja ya kuona aibu kwamba ni robusta. Aangalie jinsi ilivyochumwa na kuanikwa.

Namna ya kusoma punje

Kabla ya kukaangwa, kahawa husema ukweli wote. Mnunuzi achote kiganja kimoja, akimwage kwenye ungo au karatasi nyeupe, kisha atazame mambo haya:

1. Rangi moja. Punje za kahawa iliyochumwa ikiwa mbivu, nyekundu, hufanana rangi. Punje nyeusi kabisa, au zilizokunjamana na kupauka, mara nyingi zilichumwa mbichi au zilioza. Chache si tatizo, lakini zikiwa nyingi zitaharibu sufuria nzima.

2. Harufu. Kahawa ghafi nzuri hunukia kama nyasi kavu au nafaka safi. Ikinuka ukungu, udongo, moshi au mafuta ya taa, iachwe. Kahawa hunyonya harufu kwa urahisi sana, na kukaanga hakuiondoi.

3. Ukavu. Unyevu unaotakiwa ni karibu asilimia 12. Bila kipimo, mtu ang'ate punje: iliyokauka ni ngumu na hutoa mlio, yenye maji hubonyea na kuacha alama ya jino. Kahawa yenye maji huota ukungu ndani ya gunia.

4. Matundu. Vitundu vidogo vya mviringo ni kazi ya wadudu. Punje hizo zitolewe.

5. Ukubwa. Punje zinazolingana hukaangika sawasawa. Viwandani hupimwa kwa chekecheke zenye namba. Namba 18 ina matundu ya milimita 7 hivi, na punje zinazobaki juu yake ndizo kubwa. Ukubwa peke yake hauleti ladha, lakini punje kubwa na ndogo zikikaangwa pamoja, ndogo huungua kabla kubwa hazijaiva.

Swali moja la kumuuliza mkulima ni muhimu kuliko yote: "Mliianika wapi?" Kahawa iliyoanikwa juu ya turubai, mkeka au kichanja hubaki safi. Iliyotandazwa juu ya udongo mtupu hubeba ladha ya vumbi hadi kikombeni, hata kama mbuni wake ulikuwa mzuri.

Namna ya kusoma pakiti

Kahawa iliyokwisha kusagwa ni ngumu kuikagua kwa sababu kila kitu kimefichwa. Hapo macho yahamie kwenye maandishi:

• Tarehe ya kukaangwa. Hii ina maana zaidi kuliko tarehe ya mwisho wa matumizi. Kahawa ya punje huwa katika ubora wake kwa takriban mwezi mmoja baada ya kukaangwa. Iliyosagwa huanza kupoteza harufu ndani ya siku chache tangu ifunguliwe.

• Aina na mahali. Pakiti inayotaja robusta au arabika, na wilaya ilikotoka, inaaminika zaidi kuliko iliyoandikwa "kahawa bora" tu.

• Alama ya TBS na jina la mtengenezaji. Pakiti isiyo na jina wala anwani haina wa kumlalamikia.

• Punje au unga. Mwenye kinu nyumbani achukue punje. Hazichakachuliki kirahisi, na hudumu zaidi.

Kwa unga unaotiliwa shaka kuna jaribio la nyumbani. Nyunyiza kijiko kimoja juu ya maji baridi kwenye glasi. Unga wa kahawa tupu huelea kwa muda, na maji hubadilika rangi taratibu. Ukichanganywa na mahindi au nafaka nyingine ya kukaanga, sehemu yake huwahi kuzama. Hiki si kipimo cha maabara, maana hata kahawa iliyosagwa laini sana huweza kuzama, lakini kinatosha kumfanya mtu aulize maswali.

Pa kuipata

Shambani kwako au kwa familia. Hii ndiyo njia fupi zaidi, na ndiyo inayosahaulika. Kaya yenye mibuni inaweza kutenga debe moja la matunda mekundu tupu, yakaanikwa peke yake juu ya kichanja. Hesabu yake ni rahisi. Kilo 1 ya kahawa ya maganda ikikobolewa hutoa karibu nusu kilo ya punje safi. Ikikaangwa hupungua uzito kwa asilimia 15 hivi na kubaki gramu 420 au zaidi kidogo. Kwa gramu 10 kila kikombe, hapo kuna vikombe zaidi ya 40.

Chama cha msingi na KDCU. Asiye na shamba aanzie kwenye ofisi ya chama. Viongozi wake wanajua mkulima gani anaanika vizuri, na wanajua kama kuna kikundi kinachokaanga na kufungasha. Mwenye mgahawa au nyumba ya wageni anayehitaji kiasi cha kudumu apitie njia hii badala ya kukimbizana na mkulima mmoja mmoja.

Bukoba. Mji huo una viwanda na maduka yenye aina nyingi zaidi za kahawa kuliko Kayanga. Anayefahamiana na mtu Bukoba anaweza kutumiwa pakiti kwa basi. Mzigo ufungwe ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kisha ndani ya boksi. Usiwekwe karibu na samaki, sabuni wala petroli.

Moshi na Dar es Salaam. Wanaotaka arabika iliyooshwa ya kaskazini wanaweza kuagiza huko. Moshi ndiko iliko Bodi ya Kahawa Tanzania, na wakaangaji wapo. Agizo la kwanza liwe dogo, robo kilo inatosha. Mteja aombe picha ya pakiti yenye tarehe ya kukaangwa kabla ya kutuma fedha, na ahakikishe jina linalotokea kwenye malipo ya simu ni la biashara au mtu aliyejitambulisha.

Ng'ambo ya mpaka. Wakazi wa Murongo wanavuka Mto Kagera na kuingia Kikagati, Uganda, na kahawa ya kusaga ya Uganda si ngeni kwao. Anayerudi na pakiti za kunywa apite kituo cha forodha na kuzionyesha. Njia za panya zina historia mbaya kwenye kahawa ya mkoa huu.

Sheria isisahaulike

Kahawa si kama ndizi za gulioni. Kuinunua ikiwa ghafi kwa ajili ya biashara kunataka leseni, na kuisafirisha kunataka kibali. Magunia yanayokutwa njiani bila karatasi huhesabiwa magendo, na mwenye mzigo hupata hasara ya mzigo na kesi juu yake. Mkulima kunywa kahawa yake hakuna ubishi. Ila anayepanga kukusanya kutoka kwa majirani, hata kwa nia ya kufungua mgahawa tu, aulize kwanza kwenye chama au kwa ofisa ushirika wa wilaya. Swali ni bure.

Kukaanga nyumbani, hatua kwa hatua

Hakuna mashine inayohitajika. Jiko, kikaango kizito, mwiko, kinu na ungo vinatosha.

1. Twanga maganda makavu polepole kwenye kinu, bila kuponda punje. Pepeta.

2. Chambua. Toa nyeusi, zilizovunjika na zenye matundu. Hatua hii inachosha, lakini hakuna inayobadilisha ladha kama hii.

3. Pasha kikaango kwa moto wa wastani. Weka punje chache, zisizidi tabaka mbili.

4. Koroga bila kuacha. Punje zitatoka kijani-kahawia hadi njano, kisha hudhurungi. Baada ya dakika 10 hivi zitaanza kulia kama bisi.

5. Mlio ukipungua na rangi ikafanana na chokoleti, epua. Zikiachwa hadi zikawa nyeusi na kutoa mafuta, kinachobaki ni ladha ya mkaa, na hapo robusta nzuri na mbaya hazitofautiani tena.

6. Mwaga kwenye ungo, pepea zipoe haraka. Punje moto huendelea kujikaanga zenyewe.

7. Subiri siku moja au mbili kabla ya kunywa, hewa iliyonasa ndani ipungue. Saga kiasi cha siku hiyo tu.

Baada ya hapo, kahawa ina maadui wanne: hewa, mwanga, joto na unyevu. Chupa kavu yenye mfuniko unaobana, ikawekwa kabatini mbali na jiko, inashinda mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Friji haifai, kwa sababu hubeba unyevu na harufu za chakula.

Kikombe chenyewe

Kwa kikombe cha mililita 200, gramu 10 zinatosha, yaani vijiko viwili vya chakula vya unga. Maji yachemke, yaepuliwe, yasubiri nusu dakika, ndipo unga uingie. Baada ya dakika 4, chuja kwa chujio la chai. Watu wa pwani hufanya vingine: kahawa huchemshwa muda mrefu kwenye dele, mara nyingi na tangawizi, hunywewa kwenye kikombe kidogo pamoja na kashata. Robusta ya Karagwe inaivumilia njia hiyo vizuri kwa sababu ni nzito.

Kipimo kizingatiwe. Kikombe cha gramu 10 za robusta kinaweza kuwa na miligramu 200 hivi za kafeini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya huona miligramu 400 kwa siku kuwa kiasi salama kwa mtu mzima mwenye afya, kwa hiyo vikombe viwili vinatosha. Shirika la Afya Duniani hushauri wajawazito wanaozidi miligramu 300 kwa siku wapunguze. Kwao kikombe kimoja ni kingi tayari. Mwenye shinikizo la damu au matatizo ya usingizi aongee na mhudumu wa afya.

Kahawa isiyopikwa kikombeni

Kagera ilikuwa na kahawa kabla ya kikombe. Wahaya wana akamwani: matunda ya robusta huchemshwa na majani yenye harufu, hukaushwa, na hutafunwa mzima mzima. Mgeni alikaribishwa kwa punje hizo. Katika undugu wa kuchanjiana, marafiki wawili waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akala ya mwenzake ikiwa na tone la damu. Leo damu haipo, lakini akamwani bado huuzwa, hasa pande za Bukoba. Anayeinunua aangalie mambo yale yale: iwe kavu, isinuke ukungu.

Kwa nini jambo hili si anasa tu

Kuna mkulima wa Kagera ambaye ameuza kahawa miaka 30 bila kuionja ikiwa imekaangwa vizuri. Kwake, tunda jekundu na tunda la kijani ni uzito tu kwenye mizani. Hapo ndipo butura inapopata mlango. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua au changa mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya mtoto au dawa haisubiri Mei. Serikali imeipiga marufuku, lakini shida ikibisha hodi usiku, mnunuzi wa butura naye hayuko mbali. Na aliyenunua kahawa ikiwa mtini ana haraka: mara nyingi itachumwa mbichi, na ubora utaishia hapo.

Wakati huo huo soko la dunia limebadilika. Mwanzoni mwa 2023 robusta ilikuwa karibu dola 2,000 kwa tani katika soko la London. Septemba 2024 ilivuka dola 5,000. Bei hupanda na kushuka, na si zote humfikia mwenye shamba, lakini aliyeuza maua alikosa mabadiliko yote hayo.

Kikombe hakiwezi kufuta shida ya ada. Kinachoweza ni kumpa mkulima kipimo chake mwenyewe. Aliyeonja tofauti kati ya kahawa nyekundu ya kichanja na ile ya kuokotwa na kutandazwa chini, hatahitaji kuambiwa na mnunuzi kwamba mzigo wake ni mzuri au mbaya.

Kwa anayeanza msimu huu, njia nyepesi ni hii: kilo 1 ya maganda mekundu tupu, kichanja kimoja, kikaango kimoja. Gharama yake ni bei ya kilo hiyo chamani, na jioni chache za kuchambua punje.